Aliwachora Hulk na Black Panther, lakini Hawakuwa Wake

Ukipita Mwanjelwa wiki ile ya Januari shule zinapofunguliwa, mabegi ya watoto yananing'inia kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa cha muuzaji. Juu yake wamechapwa Hulk wa kijani, Captain America na ngao yake ya mviringo, Thor na nyundo, Black Panther na kucha zake. Hao hao wamebandikwa kwenye vioo vya bajaji zinazokimbizana kati ya Kabwe na Mafiati. Mtoto wa Uyole anawajua wote kwa majina. Asichokijua, na wazazi wake pia hawakijui, ni kwamba katika hadithi zao za kwanza wote wanne walichorwa na mkono wa mtu mmoja, mchoraji wa katuni wa Marekani aitwaye Jack Kirby. Captain America alimbuni pamoja na mchoraji mwenzake, Joe Simon. Hao wengine waliibuka katika miaka ya 1960 alipofanya kazi na mhariri na mwandishi Stan Lee.

Vijana wanaojifunza kuchora hapa Mbeya wakisikia hivyo huuliza swali lilelile: "Kaka, huyo si alikufa bilionea?"

Hapana. Hakufa maskini pia, na ni vizuri hilo tuliseme mapema kwa sababu watu wanapenda kuisimulia hadithi yake kama msiba mtupu. Alikuwa na nyumba nzuri California, mke aliyempenda, na watoto wanne. Lakini katika wale mashujaa wanne hakummiliki hata mmoja. Wala hakuvunjiwa nyumba usiku akaibiwa. Alichora, akalipwa, akasaini. Utata uko kwenye kile alichokuwa anakiuza kila alipopokea hundi, na utata huo unamhusu moja kwa moja mchoraji wa Iringa au Njombe anayepigiwa simu leo achore kijitabu cha afya kwa ajili ya mradi fulani.

Mchoraji wa katuni anapokabidhi kazi, mezani kuna vitu vitatu, ingawa macho yanaona kimoja. Cha kwanza ni karatasi yenyewe, ile yenye alama za penseli na wino mkavu. Cha pili ni haki ya kuzichapa kurasa hizo na kuzisambaza. Cha tatu ni mhusika: sura yake, jina lake, mavazi yake, na uwezo wa kumtumia tena katika hadithi nyingine, kwenye filamu, kwenye fulana, kwenye begi la shule. Mkulima wa viazi wa Isongole hawezi kuchanganya kuuza gunia, kukodisha shamba msimu mmoja na kuliuza shamba lenyewe. Mchoraji anavichanganya vitu vyake vitatu kila siku, kwa sababu vinatoka mkononi mwake kwa pamoja na hulipwa kwa bei moja inayoitwa "kwa ukurasa".

Tumfuate Kirby tuone vilivyomponyoka kimoja baada ya kingine.

Kutoka kiwanda cha baba

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 mjini New York, katika mtaa wa Lower East Side, akaitwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Austria, na baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Mtaa ulikuwa wa vyumba vilivyobanana na magenge ya watoto wanaopigana ngumi, na yeye alikuwa mmoja wao. Ukitazama wahusika wake wakipigana, viwiliwili vimejipinda na ngumi zinatoka kwenye karatasi kumjia msomaji, unajua huyu hakujifunzia mapigano kwenye vitabu. Kuchora alijifunza mwenyewe, kwa kuiga katuni za magazetini.

Kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa kwenye studio ya filamu za katuni, ambako vijana walipewa kuchora picha za katikati: mhusika ameinua mguu hapa, ameushusha pale, wewe jaza mwendo uliobaki. Hakukaa. Alieleza baadaye kwamba zile safu ndefu za meza zilimkumbusha kiwanda cha baba yake.

Mwishoni mwa 1940 yeye na Simon wakamtoa Captain America. Toleo la kwanza, lenye tarehe ya Machi 1941 kwenye jalada, lilimwonyesha shujaa huyo akimtwanga Hitler ngumi ya taya, wakati Marekani yenyewe ilikuwa haijaingia vitani na isingeingia hadi Desemba 1941. Nakala zilizouzwa zilikaribia milioni moja. Kwa maelezo ya Simon, waliahidiwa sehemu ya faida. Walipoona wanachopata hakifanani na ahadi, wakahamia kampuni nyingine mwaka huo huo. Captain America hakuhama nao. Alibaki kwa mchapishaji, kampuni ambayo baadaye ilikuja kuitwa Marvel.

Vita vilimkuta Kirby akiwa mchoraji anayejulikana, na hata huko kipaji kilimfuata. Alifika Normandy, Ufaransa, Agosti 1944, na ofisa mmoja aliyegundua kuwa anajua kuchora akamfanya mpelelezi: atangulie mbele hadi karibu na vijiji vilivyoshikwa na Wajerumani, achore ramani na maeneo ya adui, arudi nazo akiwa hai. Baridi ya mwaka ule ilimuumiza miguu vibaya hadi madaktari wakafikiria kuikata. Ilipona.

Aliporudi alichora kila aina ya hadithi iliyokuwa ikiuzika, zikiwemo za mapenzi, ambazo yeye na Simon walikuwa wa kwanza kuzitolea vijitabu vya katuni Marekani. Katikati ya miaka ya 1950 biashara ya katuni nchini humo iliporomoka. Wanasiasa na baadhi ya wataalamu wa malezi walizilaumu kwa kuharibu watoto, wachapishaji wakajiwekea kanuni kali mwaka 1954, na kampuni nyingi zikafunga. Hilo nalitaja kwa haraka, lakini lina uzito katika yanayofuata: Kirby alirudi Marvel mwishoni mwa muongo huo akiwa na familia ya kulisha katika soko ambalo halikumpa mchoraji nafasi kubwa ya kuchagua mwajiri.

Na neno mwajiri hapo linahitaji kuangaliwa vizuri. Kirby hakuwa na mshahara, pensheni wala bima. Alichorea nyumbani, kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, kwa penseli na karatasi alizonunua mwenyewe, akilipwa kwa kila ukurasa uliokubaliwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 alikuwa anatoa zaidi ya kurasa 1,000 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ni kurasa tatu au zaidi kila siku ya kazi, kila moja na visanduku vitano au sita, kila kisanduku na watu, majengo, mashine, moshi. Yeyote aliyewahi kukaa na ukurasa mmoja wa katuni kuanzia asubuhi hadi taa zinawashwa anajua mwili unalipa nini kwa kasi hiyo.

Nani alikuwa mwandishi?

Katika filamu au vitabu vya kawaida, mwandishi huandika kwanza na mchoraji hufuata. Pale Marvel ya miaka ya 1960 mambo yalikwenda kinyume. Stan Lee alikuwa mhariri na mwandishi wa vijitabu vingi kwa wakati mmoja, hivyo hakuwa na muda wa kuandika kila kisanduku. Yeye na mchoraji walizungumza wazo kwa ufupi, wakati mwingine kwa simu tu. Mchoraji akaenda zake, akapanga tukio gani lianze na lipi lifuate, nani aingie, nani aanguke, hadithi iishie wapi, akachora kurasa zote. Ndipo kurasa zikarudi kwa Lee, naye akajaza maneno kwenye viputo.

Zile kurasa za asili, ambazo picha zake siku hizi zinapatikana kirahisi mtandaoni, zinastahili kutazamwa kwa makini na kila anayejifunza fani hii. Nje ya mistari ya visanduku, pembezoni mwa karatasi, kuna mwandiko wa penseli wa Kirby mwenyewe: huyu anamwambia mwenzake kwamba mlango unavunjika, huyu hajui kuwa anafuatwa, hapa anaogopa lakini hataki waone. Lee alisoma maelezo hayo ndipo akaandika mazungumzo yenye utani na machungu yaliyowafanya wasomaji wawapende wahusika. Msomaji wa dukani hakuyaona maandishi ya pembeni, kwa sababu yalikatwa wakati wa kuchapa. Aliliona jina la Lee likitajwa kama mwandishi na la Kirby kama mchoraji, akaamini kwamba mmoja alifikiri na mwingine alitekeleza.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa 1966. Kirby alirudisha kurasa za hadithi kuhusu jitu linalokula sayari, na ndani yake kulikuwa na mtu wa rangi ya fedha anayeruka angani juu ya ubao. Lee alisimulia mara nyingi, bila kuficha, kwamba hakumwagiza na alishangaa kumkuta. Kirby aliona kuwa kiumbe mkubwa kiasi kile lazima awe na mjumbe wa kumtangulia, akamchora. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, katika mfululizo huo huo, akatokea Black Panther, mfalme wa nchi ya Kiafrika ambayo haikutawaliwa na mkoloni, shujaa mweusi wa kwanza mwenye nguvu za ajabu katika katuni za kampuni kubwa za Marekani. Hadi leo wapenzi wa fani wanabishana asilimia ngapi ni ya nani. Mimi naona ubishi huo unamkosea kila mmoja wao. Bila sauti aliyoiweka Lee, wale wahusika wasingeongea kama jirani zetu. Na bila kurasa za Kirby, Lee asingekuwa na mahali pa kuandika.

Ila sheria haiulizi nani alikuwa na kipaji. Inauliza nani aliagiza na nani alilipa.

Nyuma ya hundi

Malipo yalikuja kwa hundi, na nyuma ya hundi, pale unaposaini ili benki ikulipe, palikuwa pamechapwa maneno yanayosema kwamba kwa kusaini hapo unaikabidhi kampuni haki zote za kazi iliyolipiwa. Ukikataa kusaini, hakuna pesa ya kodi. Ukisaini, umeuza vitu vyote vitatu kwa sentensi moja. Mwaka 1972, alipokuwa amekwisha kuondoka Marvel, Kirby alisaini pia hati ndefu zaidi iliyothibitisha kwamba haki zozote ambazo huenda zilibaki kwake ni za kampuni.

Alikuwa ameondoka mwaka 1970 akiwa amechoshwa na kutotajwa ipasavyo na kukosa mkataba wa maana, akaenda kwa washindani wao, DC. Huko akapata uhuru wa kubuni ulimwengu mzima wa miungu wapya, akiandika na kuchora mwenyewe. Lakini walipomkabidhi Superman katika mojawapo ya vijitabu vyake, nyuso za Superman alizochora zilifutwa na kuchorwa upya na wasanii wengine, ili zifanane na sura rasmi ya kampuni. Mtu aliyewabuni mashujaa nusu ya soko hakuruhusiwa kuamua pua ya mhusika mmoja, na kwa mujibu wa kanuni za biashara ile kampuni haikufanya kosa: mhusika alikuwa wao.

Ugomvi uliompa jina kubwa kuliko wote ulihusu kile kitu cha kwanza, karatasi. Kwa miaka mingi kampuni za Marekani zilibaki na kurasa za asili, nyingine zikapotea maghalani, nyingine zikaharibiwa. Soko la wakusanyaji lilipokua, kurasa zikawa na bei, na kampuni zikaanza kuwarudishia wasanii. Katikati ya miaka ya 1980 Marvel iliwatumia wasanii wake fomu ya ukurasa mmoja ya kusaini kabla ya kurudishiwa. Ya Kirby ilikuwa na kurasa nne, yenye masharti ambayo hakuna mwenzake aliyepewa, na alichoahidiwa kilikuwa kurasa 88. Inakadiriwa alikuwa ameichorea kampuni hiyo kati ya kurasa 10,000 na 13,000.

Alikataa kusaini. Wachoraji wenzake na wasomaji wakapaza sauti kwa miaka kadhaa, na mwaka 1987 akarudishiwa karibu kurasa 2,000. Ukijiuliza kwa nini kampuni ilimtenga hivyo, jibu liko kwenye kitu cha tatu. Waliogopa kwamba siku moja atadai wahusika.

Yeye hakufungua kesi. Alifariki tarehe 6 Februari 1994. Waliodai ni watoto wake, na hapa ndipo penye fundo gumu kuliko yote katika suala hili.

Sheria ya Marekani inampa mbunifu nafasi ya pili. Kwa kazi za zamani, yeye au warithi wake wanaweza kutoa notisi mapema, na miaka 56 ikitimia kuirudisha haki iliyouzwa, kwa hoja kwamba mtu anapouza kazi changa hajui itakuwa na thamani gani. Septemba 2009 warithi wa Kirby wakatoa notisi 45 kwa kazi za kati ya 1958 na 1963. Wiki chache kabla ya hapo Disney ilikuwa imetangaza kuinunua Marvel kwa dola zinazokaribia bilioni 4. Angalia miaka hiyo: Hulk na Thor wamo, kwa kuwa ni wa 1962. Black Panther wa 1966 hayumo.

Lakini nafasi hiyo ya pili ina mlango mmoja uliofungwa. Kama kazi ilifanywa kwa agizo na kwa gharama ya kampuni, sheria inasema kampuni ndiyo mbunifu tangu siku ya kwanza. Si kwamba ilinunua kutoka kwako. Kisheria hukuwahi kuwa nayo, kwa hiyo hakuna cha kukurudishia. Warithi walijibu kwamba baba yao hakuwa mwajiriwa, alinunua penseli zake, alichorea kwake, na ukurasa uliokataliwa hakulipwa, maana yake hasara ilikuwa yake. Mahakama mwaka 2011, na ya rufaa mwaka 2013, zikasema agizo lilitoka Marvel na malipo yalitoka Marvel, basi. Warithi wakapeleka ombi Mahakama ya Juu ya Marekani. Septemba 2014, siku chache kabla ya majaji kukaa kuamua kama walisikilize, pande mbili zikaelewana nje ya mahakama. Kiasi hakikutangazwa. Kilichoonekana kwa macho ni jina la Kirby kuanza kutajwa wazi zaidi kama mbunifu mwenza.

Linganisha na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliomuuza Superman mwaka 1938 kwa dola 130, yaani dola 10 kwa kila ukurasa kati ya kurasa 13. Bei ni ya kuumiza zaidi, na baadaye waliishi maisha magumu hadi mwaka 1975, pale kelele za wachoraji wenzao zilipoilazimisha kampuni kuwapa posho ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi. Ila kisheria msimamo wao ulikuwa na nguvu kuliko wa Kirby, kwa sababu moja: Superman alikuwa amekwisha kubuniwa na kuchorwa miaka kadhaa kabla mteja hajatokea. Hakuagizwa. Alikuwepo, ndipo akauzwa.

Kirby naye alikuja kuonja upande huo. Mwaka 1981, akiwa na miaka 64 na akiishi vizuri kwa kazi ya filamu za katuni za televisheni iliyompa hatimaye bima ya afya, mchapishaji mdogo alitoa kijitabu chake cha Captain Victory. Mhusika alikuwa mali ya Kirby na alilipwa mrabaha kwa nakala zilizouzwa. Havikuwa vijitabu vyake bora, kwa maoni yangu. Lakini hivyo vilikuwa mali yake.

Na huku Nyanda za Juu Kusini

Mchoraji wa Mbeya haishi kwa vijitabu vya mashujaa. Anaishi kwa mabango ya saluni, kuta za shule za chekechea, sura za maharusi zinazochorwa kutoka kwenye picha ya simu, fulana za mahafali. Kazi ya katuni yenyewe ikija, mara nyingi inatoka kwa miradi: kijitabu cha lishe, cha kunawa mikono, cha mbegu bora. Ni kazi za heshima na nimeona zikisomwa hadi karatasi zinachanika. Wengine hupata nafasi kwenye magazeti ya Dar es Salaam, ambako katuni ina historia ndefu. Wenye umri mkubwa wanamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na waliokuja baadaye wanamkumbuka Kingo wa James Gayo.

Tuseme kijana wa Mafinga anaagizwa achore kijitabu cha kurasa 16 kuhusu viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Anambuni bibi mkulima mwenye kilemba chekundu na jembe begani, mkali, anayejibu maafisa bila woga. Analipwa, anashukuru. Kijitabu kinapendwa. Mwaka unaofuata bibi yule anaonekana kwenye kalenda, kisha kwenye tangazo la mbolea, kachorwa na mtu mwingine. Je, ameibiwa? Inategemea karatasi aliyosaini, na kama hakusaini chochote, inategemea nani ana nguvu ya kubishana.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na chini yake COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki. Ulinzi unaanza pale kazi inapokuwa imeumbika kwenye karatasi au kwenye kompyuta. Kusajili si sharti la kuwa na haki, ingawa usajili unakusaidia kuthibitisha. Haki za kiuchumi hudumu uhai wote wa mbunifu na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuna pia haki ya kimaadili, ile ya kutajwa kuwa kazi ni yako. Kijana wetu wa Mafinga anapoona jina lake halimo kwenye jalada, hilo si suala la adabu tu. Ni haki anayoweza kuidai.

Sheria hailindi wazo tupu wala tukio la historia. Hili linawachanganya sana vijana wa Iringa, kwa sababu karibu kila mmoja ana ndoto ya kumchora Mkwawa, na wana haki ya kuiota. Agosti 1891 pale Lugalo Wahehe walilivunja jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Julai 1898 Mkwawa akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Fuvu lake likarudishwa Juni 1954, na liko Kalenga hadi leo kwa yeyote anayetaka kwenda kutazama. Hayo yote hayana mwenyewe. Wachoraji kumi wanaweza kuyachora na hakuna anayemwibia mwenzake. Kilicho chako ni Mkwawa wako: jinsi ulivyompa macho, ulivyopanga visanduku vya vita, mazungumzo uliyoyatunga, msichana wa kubuni uliyemweka ndani ya ngome ili tuone kwa macho yake. Mwingine akivinakili hivyo, hapo kuna la kuzungumza.

Wapo Watanzania walioshika kitu cha tatu wasikiachie. Ali Masoud alimchora panya mdogo kwenye katuni zake za magazetini, na panya yule akawa jina lake mwenyewe, Masoud Kipanya. Magazeti yamekuja na kwenda, panya kaondoka naye kila mara, hadi kwenye Kaypee, gari dogo la umeme alilolizindua mwaka 2022. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaenda Nairobi mwaka 1992 na kufanya kazi kwenye gazeti kubwa kwa zaidi ya miaka 20. Alipoondoka hapo aliendelea kuchora kwa jina lilelile na wasomaji walewale, na alikuwa amekwisha kuanzisha kipindi cha vikaragosi cha XYZ Show, kilichoanza kurushwa mwaka 2009. Kwa wote wawili, gazeti lilinunua katuni ya siku ile. Jina na mhusika havikuwemo kwenye bei.

Kwa hiyo ukiletewa kazi, tenganisha bei. Sema karatasi za asili zitarudi kwako baada ya kuskaniwa. Sema mteja anapata ruhusa ya kuchapa kijitabu hiki, kwa lugha hii, nakala kiasi hiki, na akitaka kuongeza au kutafsiri mtazungumza tena. Mhusika mtaje kwa jina kwenye karatasi na uandike ni wa nani. Wateja wengi wa miradi hawakatai, kwa sababu hawana mpango wa kutengeneza filamu. Wanataka kijitabu kifike vijijini kabla ya msimu wa kupanda. Anayesisitiza apewe kila kitu anajua anachokitaka, basi naye alipe bei ya kila kitu, ambayo haiwezi kuwa ile ile ya kwa ukurasa.

Na kama una mhusika unayemchora kwenye madaftari kwa ajili yako tu, mpe mwili kamili kabla hujaagizwa na mtu yeyote: mchore mbele, ubavuni na mgongoni, mwandikie jina, weka tarehe, piga picha kwa simu ujitumie kwa barua pepe. Ukiweza mpeleke COSOTA. Mteja akija baadaye, akute mhusika yupo tayari, kama Superman alivyokutwa, ili mkataba utakaosainiwa uwe wa kumkodisha.